Kata imefikiwa, mteja hapatikani

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwanangu kanitumia elfu thelathini toka Dar. Leo utanipa, au tena njoo kesho?"

Banda la wakala wa pesa za simu liko bondeni, chini ya Newala mkoani Mtwara, ukishuka kuelekea mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Bati nne, benchi moja, mkorosho wa kivuli na daftari la miamala lenye jalada lililotoka. Kijana anapokea kitochi cha bibi, simu ndogo ya vitufe, anamfungulia menyu ya kutoa pesa ili namba ya siri aweke mwenyewe. Menyu haiji. Anajaribu tena, haiji. Anatoka kivulini, ananyoosha mkono juu, na hapo simu inalia: ujumbe unaomkaribisha bibi Msumbiji, pamoja na bei za kupiga akiwa huko ugenini.

"Bibi, laini yako imevuka mto."

"Basi iite irudi. Mimi mwenyewe sijavuka."

Benchi zima likacheka. Kijana akaandika kitu pembeni mwa daftari, akairudisha simu.

Kwenye orodha za mawasiliano, kata ya kijiji hiki ina mnara. Kata imefikiwa.

Ni hilo neno, *kufikiwa*, lililoning'ang'ania wiki kadhaa. Limo katika kila hotuba ya bajeti, kila taarifa ya mradi, kila bango la uzinduzi. Kata imefikiwa na nini, kwa saa ngapi, na kwa simu ya aina gani?

## Mnara mmoja, vijiji vinne

Mei 13, 2023, jijini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, zenye vijiji 1,407. Mpango mkubwa, na wala sina nia ya kuubeza. Kuna watu walikuwa wakipanda juu ya kichuguu ili waombe gari la wagonjwa, na leo wanapiga wakiwa kitandani.

Ila chukua kalamu ugawanye. Minara 758 kwa kata 713 ni mnara mmoja kwa kata na vichele. Vijiji 1,407 kwa kata 713 ni vijiji viwili kwa kata. Anayezijua kata za Tandahimba au Nanyumbu anajua kuwa kata ya shamba inaweza kuwa na vijiji vitatu, vinne, hata zaidi, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari ya bodaboda.

Zabuni zenyewe zinaendeshwa hivi: Mfuko unaorodhesha maeneo ambayo kampuni haiwezi kwenda kwa hiari yake, kwa sababu mauzo ya vocha hayalipi mafuta ya jenereta. Kampuni zinashindania ruzuku, na inayotimiza masharti kwa ruzuku ndogo ndiyo inayopata. Kwa kuilinda fedha ya umma, utaratibu huo una akili. Ubaya wake ni kwamba aliyeshinda kwa bei ya chini atatafuta pa kubana, na mnara ukishasimama, pa kubana ni mahali ambapo mkaguzi wa siku ya uzinduzi hapaoni: uwezo wa betri, kipenyo cha sahani ya linki, idadi ya antena, na zinakoelekezwa.

Hapo ndipo bibi anapotokea Msumbiji.

## Simu inausikia mnara, mnara hausikii simu

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaliona tatizo lote kwa macho bila kifaa chochote. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla, ardhi inaporomoka mita mia kadhaa, kisha bonde, kisha mto. Ng'ambo nako kuna uwanda mwingine wa juu, wa Mueda.

Mnara uliojengwa juu, mjini, unarusha mawimbi mbali sana. Kwa mkazi wa chini ya ukingo yanapita juu ya kichwa chake. Antena za mnara kwa kawaida huwa sekta tatu, kila moja ikihudumia nyuzi 120, na kila moja huinamishwa kidogo kuelekea chini. Ikiinamishwa nyuzi mbili au tatu inahudumia mji na barabara kuu. Ili ishuke bondeni inabidi iinamishwe zaidi, na ikiinamishwa zaidi inapoteza wateja wa mbali walio juu, ambao ndio wenye bando. Fundi anajua, mhasibu naye anajua. Wakati huohuo antena ya ng'ambo, iliyoko mbali lakini inaelekea bondeni bila kizuizi, inafika kwa mkazi wa upande wetu ikiwa na nguvu kuliko ya nyumbani.

Simu haijui mpaka. Mtandao wa nyumbani ukipotea kabisa, inashika uliopo.

Tiba ya muda ipo, na mawakala wa bondeni wanaifanya kila siku: unaingia kwenye mipangilio, mitandao ya simu, unaondoa uchaguzi wa kujiendesha, unachagua mwenyewe mtandao wa Tanzania. Kwa simujanja, zima pia data ya ugenini, la sivyo salio linaondoka huku simu iko mfukoni. Kasoro ya tiba hii ni kwamba ukishafunga uchaguzi, mtandao wa nyumbani ukikatika simu inakaa kimya moja kwa moja. Wengine wanaona afadhali ukimya.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni vile vipimo vya mtandao, vistari vilivyo kwenye kioo. "Mbona vipo vitatu na simu haitoki?" Mnara unazungumza kwa wati makumi, kitochi kinajibu kwa wati 2 zikizidi sana. Vipimo vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Kama mnara unaisikia simu, hilo kioo hakisemi. Na kwa 2G, mtandao wa zamani unaotumiwa na vitochi, kuna ukuta mwingine kabisa: simu iliyo zaidi ya kilomita 35 toka kwenye mnara haihudumiwi kwa mpangilio wa kawaida, hata iwe inauona kwa macho, kwa sababu sauti yake inachelewa kufika na kuangukia kwenye zamu ya simu nyingine.

Kuhusu masafa nitasema kwa kifupi. Kadiri masafa yanavyokuwa ya chini, ndivyo mawimbi yanavyofika mbali na kupinda vizuri zaidi kwenye vilima na mikorosho. Ndiyo maana mnada wa masafa wa Oktoba 2022, uliojumuisha megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, ulikuwa na maana kwa Mtwara na Lindi kuliko ilivyosemwa: 700 ndiyo ya shamba, 3500 ni ya Kariakoo. Lakini 700 inabeba 4G, mtandao wa simujanja, na bibi ana kitochi. Menyu yake ya pesa inapita 2G. Mnara wa 4G pekee bondeni ungemwacha palepale alipo, chini ya mkorosho.

## Uniti kumi kasoro

Tuache mawimbi, twende kwenye umeme, maana malalamiko mengi ya "mtandao unasumbua" ukiyafuata mpaka mwisho unakuta betri.

Mnara mdogo wa kijijini unaweza kula kilowati 2 hivi, mchana na usiku. Chukua betri za asidi za volti 48 zenye ampea-saa 400. Zidisha: wati-saa 19,200, yaani uniti 19 na ushee kama za LUKU. Betri ya asidi ukiikamua mpaka chini unaiua, kwa hiyo unaruhusiwa kutumia nusu tu. Uniti kumi kasoro, gawanya kwa kilowati 2: hazitimii saa tano.

Hiyo ni betri mpya, kwenye ubaridi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya asidi unapungua nusu. Kaweke kabati la chuma juani Masasi mwezi wa Novemba uone. Tena betri hizi zinahitaji takriban saa kumi kujaa sawasawa, na umeme wa kukatika na kurudi hauzipi nafasi hiyo. Zinaishi nusu tumbo mpaka zinakufa.

Kuna jenereta, ndiyo. Na kuna mafuta ya jenereta, ambayo yana wapenzi wengi. Mlinzi analipwa kidogo, lita ishirini zina bei, na betri zenyewe zinaendesha taa na redio za watu vizuri tu. Betri za lithiamu zinakamuliwa zaidi bila kufa mapema na zinavumilia kujazwa kwa vipande, lakini ni ghali, na zinaibwa kwa bidii zaidi.

Sasa liongeze hili: mnara wa kijijini hauna mkongo wake, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba mawasiliano. Unategemea linki ya maikrowevu kwenda mnara wa mlimani, huo unategemea mwingine, mpaka mjini ulipo mkongo. Mnara wa kati ukizimika, mitano iliyo nyuma yake inakuwa hai bila kazi. Taa nyekundu inawaka juu, vipimo vinaonekana kwenye kioo, simu haitoki. Fundi anatumwa kwenye mnara ambao hauna kosa.

## Siku nane za Mei

Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilitua pwani yetu. Maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara maeneo ya Somanga, Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na haraka alizunguka kwa Songea na Makambako.

Mei 12, Jumapili, mikongo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikalala nchi nzima.

Siku nane, njia mbili.

Jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani ni kilichoendelea kufanya kazi. Simu ya kawaida toka Mtwara kwenda Dar haipiti baharini. Menyu ya pesa haipiti baharini. Ujumbe wa WhatsApp kati ya jirani na jirani pale Nachingwea, huo unasafiri mpaka mitambo ya nje ya nchi na kurudi, kwa hiyo ulikwama. Kwa siku hizo mwenye kitochi alikuwa na mawasiliano kuliko mwenye simujanja ya laki nane.

Nililiona hilo kama mzaha kwanza. Baadaye halikunichekesha, kwa sababu mambo mengi ya korosho yanahamia kwenye intaneti. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa (TMX). Mnada ni wa siku moja, na mtandao ukilala siku hiyo mkulima hana simulizi ya kuipelekea benki.

Na mkongo wa nchi kavu nao una tabia moja mbaya: unapenda barabara. Unafukiwa pembeni yake, kwenye madaraja unapitishwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa ubavuni. Ni rahisi kuujenga hivyo na ni rahisi kuukagua. Lakini daraja likiondoka, linaondoka na vyote viwili. Dawa ni pete: njia mbili zinazotoka mji mmoja kwa pande tofauti, moja ikikatika data inazunguka kwa nyingine. Pete ya kweli kwa Mtwara ni ile inayotoka kwa pwani na kurudi kwa Tunduru na Songea. Nyuzi mbili ndani ya mtaro mmoja si pete, hata zikichorwa mviringo kwenye ramani.

## Kifurushi kwa kondakta

Posta watu wameizoea kuicheka. Tuangalie kwanza jinsi mzigo unavyosafiri kweli.

Stendi ya Mtwara: boksi, selotepu, maka peni. Unaandika jina la mpokeaji na namba yake ya simu, kwa herufi kubwa, pande mbili ili mojawapo ikifutika nyingine ibaki. Risiti, na namba ya basi. Basi likifika, mpokeaji anapigiwa. Kwa maana hiyo anwani ya Mtanzania leo ni namba yake ya simu. Asipopatikana, boksi linarudi chini ya kaunta, na kama ni dawa au samaki mkavu kila mtu anajua kinachofuata. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inawataka wenye mabasi wanaobeba vifurushi wawe na leseni, na ni haki, maana bila leseni mzigo ukipotea huna pa kushika.

Sanduku la posta halihitaji betri. Hilo ndilo linalonifanya nisite kuicheka.

Tatizo lake ni la mita za mwisho. Namba ya posta ina tarakimu tano: Mtwara inaanza na 63, Lindi na 65, na tarakimu mbili za mwisho zinakupa kata. Basi. Inakuacha kwenye kata, kama mnara. Anwani za makazi, zilizosukumwa kwa nguvu kuanzia Februari 2022 ili ziwahi sensa ya Agosti, zilikuja kumalizia kipande kilichobaki: jina la barabara na namba ya nyumba. Kazi ilifanyika. Kisha vibao vya chuma vikapata soko kwenye vyuma chakavu, nguzo za miti zikapata mchwa, na nyumba mpya zikajengwa bila namba kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kuongeza. Oparesheni ilikuwa na mwisho. Vijiji havina.

## Chenga

Wanaokumbuka televisheni ya analojia wanakumbuka chenga. Picha ilikuwa mbaya, lakini ilikuwepo. Ulizungusha antena, ukapiga kofi ubavuni mwa seti, ukasikia habari hata kama humwoni msomaji. Uzimaji ulianza Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na masafa yaliyoachwa na televisheni ndiyo yaliyokuja kuuzwa kwa kampuni za simu. Dijitali ama inaonyesha vizuri ama haionyeshi kabisa. Mbali na miji mikubwa kisimbuzi cha antena hakina cha kushika, watu wanafunga ungo.

Redio ni habari nyingine. Nachingwea palikuwa na mtambo wa masafa ya kati wa Redio Tanzania, na masafa ya kati yana sifa moja ambayo FM haina: yanafuata ardhi. Yanashuka bondeni na kupanda. Yanakula umeme kwa pupa, vipuri vyake ni vya shida, na sauti ni ya puani, kwa hiyo naelewa kwa nini kila nchi imekimbilia FM. Lakini FM ni ya kuonana uso kwa uso, kama simu. Chini ya ukingo wa Newala inakufa palepale inapofia simu.

TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ilitoa tahadhari ya Hidaya siku kadhaa kabla. Tahadhari kwa ujumbe wa simu inakwenda namba kwa namba, foleni. Redio inasema mara moja, na asikiaye anampigia kelele jirani. Betri mbili za redio zinadumu wiki nyingi. Kama ningeambiwa nichague chombo kimoja kibaki hai usiku wa kimbunga, nisingefikiria mara mbili.

## Mahali ninapokwama

Rahisi kusema: weka sharti, kila mnara wa ruzuku uwe na betri za saa 24 na njia mbili za linki.

Halafu hesabu inakuja. Fedha ni ileile. Betri zikiongezeka, minara inapungua, na kijiji kitakachoondolewa kwenye orodha si cha kwangu wala cha msomaji wa makala hii. Ni kingine kama cha bibi, tena pengine hakina hata Msumbiji ya kuishika. Mama mwenye uchungu wa uzazi saa nane usiku anataka mnara wa saa tano za betri leo, hataki wa saa 24 baada ya miaka sita. Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu na sikuweza kuivunja.

Nilichoweza ni kuigawa. Si kila mnara unastahili betri za saa 24. Mnara mama unastahili, ule wa katikati unaobeba mingine mitano. Hiyo ni michache. Ukiuimarisha huo, mitano iliyo nyuma yake inabaki kufa kwa zamu, kila mmoja kwa shida zake, badala ya kufa pamoja. Kwa bondeni, badala ya mnara mpya inaweza kutosha sekta moja ya ziada kwenye mnara uliopo ukingoni, antena moja iliyoinamishwa kweli kuelekea mtoni. Ni kazi ya siku chache, lakini haina utepe wa kukata.

Na malipo. Ruzuku ikilipwa kwa hatua, hatua ya mwisho isilipwe mnara unaposimama. Isubiri miezi kumi na miwili, ilipwe kwa saa ambazo simu ya kawaida ilitoka kweli, kijiji kwa kijiji. Mitambo ya kampuni inarekodi kila kuzimika kwa dakika. Hakuna kifaa cha kununua. Ambacho mitambo haikirekodi ni simu iliyohamia ng'ambo, kwa sababu kwa hesabu ya kampuni huyo ni mteja aliyesafiri.

Hilo linajulikana banda la wakala tu. Daftari la miamala lina safu zake za kawaida: tarehe, jina, namba, kiasi, sahihi. Pembeni, nje ya mstari mwekundu, kijana amejiandikia mwenyewe kwa peni ya rangi nyingine. *Saa 4 na robo, umekwenda. Saa 8 kasorobo, umerudi.* Siku nyingine ameandika herufi M peke yake, na mshale unaoelekea upande wa mto. Nilipomuuliza ni za nini, alisema ni ili wateja wasidhani anawaficha pesa.

Bibi alipata elfu thelathini zake saa tisa alasiri. Akazihesabu mara mbili, akazifunga pembeni mwa kanga, akauliza kama wa Msumbiji wamemkata kitu.